Heri ya Samhain, na sahani ya pili mezani

Heri ya Samhain, ndugu zangu, jamaa na marafiki, mlioko Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Muscat, na nyie wenzangu wa baridi mlioko Leeds na Minneapolis.

Nawaandikia nikiwa jikoni, kusini mwa Uingereza. Leo ni tarehe 31 Oktoba. Saa zimesharudishwa nyuma, kwa hiyo jua linatua kabla ya saa kumi na moja jioni, na ikifika saa kumi na mbili giza limeshatanda kabisa. Majani yamepukutika yakalowa, njia nzima inateleza. Nimepika wali wa nazi na maharage. Mezani nimeandaa sahani mbili, ingawa nala peke yangu. Sahani ya pili ni ya mwalimu wangu, aliyetutoka mwezi wa Februari. Usiku huu tunakula kimya pamoja na waliotangulia. Huzungumzi mpaka chakula kiishe.

Kwa msiojua, Samhain hutamkwa "sawin". Ni jina la Kigaeli, la watu wa Ireland na Scotland, na maana yake ni kwamba kiangazi kimekwisha. Mifugo ilirudishwa kutoka malishoni, mavuno yalikuwa yameshawekwa ghalani, na wenye nyumba walijiandaa kwa miezi ya giza. Kwa sisi tunaofuata dini ya Wicca ni moja ya sikukuu nane za mwaka, na ndiyo inayonigusa kuliko zote, kwa sababu ndiyo ya wafu.

Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu aliniuliza kwa simu, sauti kaishusha kama mtu anayeogopa majirani: "Mwanangu, nasikia umeingia uchawini. Ni kweli?" Sikukasirika. Kwa Kiswahili mchawi ni adui wa watu, anayeroga mtoto wa jirani. Anayetibu ni mganga, na hao wawili hatuwachanganyi. Kiingereza kimewatia wote katika neno moja, witch, na waanzilishi wa Wicca waliliokota neno hilo la matusi kwa makusudi, wakalivaa kama nguo ya heshima. Mimi sijawahi kuitafsiri dini yangu kuwa uchawi na sitaitafsiri hivyo. Nilimwambia: "Shangazi, ni dini ya jua na mwezi na majira, ya Mungu wa kike na wa kiume, na kanuni yake kubwa ni kwamba ufanye utakalo ilimradi humdhuru mtu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya mama. Ila usiache kula vizuri." Tangu siku hiyo, kila Oktoba ananipigia kuniuliza nimepika nini.

Dini yenyewe ni changa kuliko bibi yangu. Mwanzilishi wake, Gerald Gardner, alizaliwa mwaka 1884 karibu na Liverpool, akafanya kazi ya forodha Malaya, akarudi Uingereza mwaka 1936. Alisema kwamba mwaka 1939 aliingizwa katika koveni, yaani kikundi cha siri cha ibada, kule New Forest. Sheria ya uchawi ya mwaka 1735 ilipofutwa mwaka 1951, mzee akaanza kusema hadharani, na mwaka 1954 akatoa kitabu kilichodai kwamba hii ni dini ya kale iliyojificha tangu kabla ya Ukristo kuingia Ulaya. Hakulitunga wazo hilo peke yake. Msomi Margaret Murray alikuwa amelitoa tangu mwaka 1921, na ndiye aliyemwandikia Gardner dibaji.

Wanahistoria wakalichambua wazo hilo, likabomoka. Mwaka 1999 Ronald Hutton, profesa wa Bristol, alichapisha utafiti mpana ulioonyesha Wicca ilivyotungwa katika karne ya ishirini kutokana na mashairi, vyama vya siri, ngano za vijijini na vitabu vya watu waliotangulia. Mwalimu wangu aliingizwa katika miaka ya 1970, akiwa ameambiwa kwamba mnyororo haujakatika tangu enzi za mawe. Aliniambia kwamba alipomaliza kukisoma kitabu cha Hutton alikaa majira ya baridi mazima hajawasha mshumaa. Kisha ikaja Imbolc, sikukuu yetu ya mwanzoni mwa Februari, akaona maua meupe yamechomoza kwenye theluji, akawasha. "Maua hayakuniuliza dini yangu ina miaka mingapi," alisema.

Hilo ndilo ninalolipenda zaidi katika dini hii. Iliambiwa ukweli mchungu juu ya asili yake, na wengi wa walimu wake wakaukubali. Leo mwanafunzi mpya katika koveni nyingi huanza na historia hii, tena bila kufichwa kitu. Zamani angeanza na kiapo.

Na hapo ndipo mabadiliko ya mafundisho yanapoonekana. Mwanamke aliyechezwa unyago atanielewa haraka. Kuna kungwi na kuna mwari, na kuna mambo ambayo mwari hayasikii mpaka siku yake ifike. Wicca ya Gardner ilikuwa hivyo. Unasubiri mwaka mmoja na siku moja, unaingizwa daraja la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu. Mafundisho yapo katika daftari la koveni, na kila mtu hulinakili kwa mkono wake mwenyewe. Ibada ilifanywa uchi, na mwanamume aliingizwa na mwanamke, mwanamke na mwanamume. Siku hizi wengi huvaa majoho, na koveni nyingi hazishikilii tena kwamba lazima pawe na jozi ya mwanamke na mwanamume madhabahuni. Bado wapo wanaoshika taratibu zile zile za awali, nami nawaheshimu.

Lakini mtu ninayemkumbuka kila Samhain, mbali na mwalimu wangu, ni Doreen Valiente, kuhani wa kike katika koveni ya Gardner. Aliingia mwaka 1953. Alipolisoma daftari la Gardner alitambua humo mistari ya Aleister Crowley, mwandishi Mwingereza wa mambo ya siri, akamwambia mzee waziwazi. Mzee akamjibu kwamba kama anaweza kufanya vizuri zaidi, afanye. Akafanya. Maneno mazuri kuliko yote tunayoyasoma hadi leo, wito wa Mungu wa kike kwa watoto wake, ni kalamu ya mama huyo. Ilipofika mwaka 1957 Gardner alikuwa akiwaita waandishi wa habari kupita kiasi, na wenzake walipotaka kumwekea mipaka akatoa sheria alizoziita za kale. Mojawapo ilisema kuhani mkuu wa kike ampishe aliye kijana zaidi, tena kwa hiari. Valiente hakukubali, akaondoka. Aliendelea kuandika na kufundisha, na alifariki mwaka 1999. Mwaka 2013 jengo la ghorofa alilokuwa akiishi hapa Brighton lilipachikwa kibao cha buluu cha kumbukumbu. Nikipita pale husimama kidogo.

Baada yake mlango ulizidi kufunguka. Mume na mke wa Kiingereza, Alex na Maxine Sanders, waliingiza vijana wengi katika miaka ya 1960, kamera za magazeti zikiwa pembeni. Raymond Buckland, Mwingereza, akaivusha dini bahari hadi Long Island, New York. Mwaka 1979 Starhawk, mwandishi wa California, alifundisha kwamba kumwabudu Mungu wa kike na kuacha mito ichafuliwe haviendi pamoja, na watu wakatoka kwenye duara la ibada wakaenda kwenye maandamano dhidi ya silaha za nyuklia. Kisha mwaka 1988 mwandishi wa Kimarekani Scott Cunningham akawaambia walio peke yao kwamba wanaweza kujiweka wakfu bila koveni wala kuhani, mbele ya mwezi tu. Zamani mtu wa kijijini asiye na koveni karibu alikuwa hana pa kuingilia. Tangu hapo amekuwa napo, na sasa simu imemletea mafundisho yote kitandani.

Nashukuru kwa hilo, maana mimi mwenyewe nilianza hivyo, usiku, baada ya zamu ya kazi. Ila moyo unaniuma ninapoona binti wa miaka kumi na minane anafundishwa na video ya dakika moja, na mwisho wa video kuna mawe ya kununua. Hakuna mtu wa kumtazama usoni na kumwuliza, "Mbona leo umekonda?" Mwalimu wangu aliniuliza hivyo wiki ileile nilipofiwa na baba. Hakunipa ibada yoyote. Alinipa supu, akakaa nami mpaka nikaimaliza. Mafundisho ya namna hiyo hayamo katika daftari.

Wenzangu wa nyumbani mnaoniuliza msherehekee vipi, msininakili mimi. Sikukuu nane zenyewe zimekuwa zikibadilika. Mwaka 1958 koveni ya Bricket Wood, kaskazini mwa London, ndiyo iliyoamua kuzipa siku nne za jua (usiku au mchana mrefu kupita zote, na siku mbili za usiku na mchana sawa) heshima sawa na zile nne kubwa kama Samhain na Imbolc, na majina ya siku hizo za jua kama Litha na Mabon alikuja kuyaweka Mmarekani Aidan Kelly katika miaka ya 1970. Wenzetu wa Australia, ambako majira ni kinyume na ya huku, wamegeuza gurudumu zima la sikukuu. Usiku huu sisi tunawakumbuka wafu, wao wanasherehekea maua. Na Tanga je, ambako hakuna majani ya kupukutika? Huko kusi imekwisha, matlai inavuma, vuli inakaribia, watu wanasafisha mashamba. Ingekuwa ajabu kulia kifo cha kiangazi wakati mbegu zinasubiri mvua. Anayeifuata njia hii huko na aanze na upepo anaousikia mlangoni pake.

Sasa wafu. Zamani wengi wetu tulifundishwa kwamba Ulaya iliwachoma moto wafuasi wa dini yetu milioni tisa. Haikuwa hivyo. Wanahistoria wanakadiria waliouawa kuwa kati ya 40,000 na 60,000, na hapa England walinyongwa, hawakuchomwa. Tena hawakuwa wa dini yetu, wala dini yenyewe haikuwapo. Wengi walikuwa Wakristo wa kawaida, na wengi kati yao wanawake, waliosingiziwa na majirani baada ya ng'ombe kufa au mtoto kuugua.

Nilipolielewa hilo, huzuni yangu ilihama mahali. Sikuwalilia tena mababu wa dini. Niliwaona bibi wa Usukumani wenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, wanaouawa kwa sababu ya macho hayo. Niliwaona wanawake wazee wanne waliouawa Kisii mwezi wa Oktoba 2021. Mwingereza alifuta sheria yake kwake mwaka 1951, lakini zile alizoziacha Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928 bado zimo vitabuni, na bibi zetu hazijawakinga. Mimi naishi katika nchi ambayo katika sensa ya mwaka 2021 watu karibu 13,000 wa England na Wales waliandika Wicca kuwa dini yao, na 74,000 hivi wakaandika neno ambalo kwetu ni tusi, mpagani. Navaa nyota yangu ya pembe tano shingoni, napanda basi, hakuna anayenigusa. Bibi wa Misungwi hajawahi kusikia jina Wicca, na anaweza kufa kwa neno mchawi, ambalo sisi hapa kwa Kiingereza tunajiita kwa furaha. Kwa hiyo ninawaomba wenzangu wa njia hii: msilichezee neno hilo mbele ya watu wa kwetu.

Mshumaa wa kwanza usiku huu ni wa bibi hao. Wa pili ni wa askari wa Kimarekani aliyeuawa Afghanistan mwaka 2005, ambaye mkewe alihangaika mpaka mwezi wa Aprili 2007 serikali ikaruhusu nyota yetu kuchorwa kwenye mawe ya kumbukumbu ya askari. Wa tatu nimeshawaambia ni wa nani.

Mwalimu aliniachia daftari lake. Kurasa zimejaa matone ya nta, na mwandiko wa miaka ya mwanzo ni wa msichana mwenye haraka. Katika koveni yake desturi ni kwamba mtu akifa, daftari lake lichomwe. Aliniambia ninakili kwanza ninachokihitaji, kwa mkono, kisha nilichome. Nimekuwa nikinakili tangu Machi, kurasa mbili mbili, jioni baada ya kazi. Zimebaki tatu. Nyingine ni maelezo ya supu.

Nawatakia kipindi chema cha giza nyie mlio huku, na vuli yenye mvua ya kutosha nyie mlio nyumbani. Mwenye mgonjwa, Mungu amponye. Mwenye msiba, nakaa nawe. Shangazi, leo ni wali wa nazi na maharage, na nazi nimeikuna mwenyewe.

Wali umeiva. Naweka simu chini, nakaa kimya.

Mbarikiwe.