Mpe kijana wa mtaani mtu wake: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nairobi

Mheshimiwa Waziri,

MINT: VIJANA WA MITAANI WENYE MARADHI YA AKILI NA URAIBU

Salamu kutoka Ngara. Mimi ni mshauri nasaha. Vijana ninaowahudumia wanalala kati ya mzunguko wa Globe, kingo za Mto Nairobi na Gikomba. Karibu wote wanavuta gundi au mafuta ya ndege, na baadhi wamehamia kwenye vidonge na unga, yaani heroini. Miongoni mwao kuna wagonjwa wa akili wengi kuliko watu wanavyodhani: huyu anasikia sauti, yule hapati usingizi, mwingine anajikata mikono kwa wembe. Mpita njia akiwaona anasema chokoraa, basi.

Nikimpeleka kijana kama huyo kutafuta matibabu, huwa tunarushwa huku na huku. Kwenye kliniki ya akili tunaambiwa aache gundi kwanza. Kwenye kituo cha kurekebisha waraibu tunaambiwa akili itulie kwanza. Maradhi yote mawili yamo ndani ya kichwa kimoja, na kila mlango unataka nusu yake tu.

Acha nikueleze kisa kimoja. Kijana wa baze, yaani maskani ya vijana wa mitaani, ya karibu na mto alichanganyikiwa, akawa anagombana na watu ambao sisi hatuwaoni. Tulifanikiwa kumfikisha hospitalini akalazwa. Dawa zilimkubali. Nilipokwenda kumjulia hali alikuwa anaongea vizuri kabisa, akauliza kama dada yake anajua alipo. Siku ya kuruhusiwa alipewa vidonge vya mwezi mzima na kadi yenye tarehe ya kurudi kliniki. Hakuna aliyemuuliza anakwenda kulala wapi. Alirudi chini ya daraja. Vidonge alivifunga kwenye karatasi ya nailoni akaviweka ndani ya soksi, na mvua ya kwanza iliponyesha vikawa uji, kadi nayo ikachanika. Tarehe ilipowadia alikuwa amerudia gundi. Hata hivyo alikwenda, Mheshimiwa. Alikwenda kwa miguu, peku, chupa ya gundi ikichungulia kwenye mkono wa sweta, na bawabu akamfukuza langoni.

Daktari alifanya kazi yake. Mfamasia alifanya yake. Hata bawabu alifanya alivyoagizwa. Ila katika mlolongo wote huo hapakuwa na hata mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kijana mwenyewe.

Mtu huyo ndiye ninayemwomba kwako.

Kazi ya namna hii si ngeni duniani. Miaka ya 1970 huko Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani, wahudumu walichoka kuona wagonjwa walewale wakitoka wodini na kurudi. Wakaitoa kazi yao wodini, wakawafuata wagonjwa nyumbani na mitaani. Kutokana na juhudi kama hizo ukazaliwa utaratibu wa usimamizi wa karibu: mhudumu mmoja anakabidhiwa watu wachache, wasiozidi 20, na anawajibika kwao kwa kila jambo, kuanzia dawa, malazi na stakabadhi hadi kesi kortini na ugomvi na jamaa. Mwaka 2017 shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima tafiti za tiba, lilichapisha mapitio ya majaribio 40 ya utaratibu huu. Ulipolinganishwa na huduma za kawaida, ulipunguza siku ambazo mgonjwa anakaa hospitalini, na wagonjwa wachache zaidi walipotea njiani. Mengi ya majaribio hayo yalifanywa katika nchi tajiri, nalijua hilo. Kanada nayo iliujaribu kati ya mwaka 2009 na 2013 katika miji mitano, ikiuambatanisha na kumpa mtu nyumba kwanza bila kumshurutisha aache ulevi. Vijana wa miaka 18 hadi 24 waliomo walikaa katika makazi ya kudumu siku nyingi zaidi kuliko wenzao wa huduma za kawaida. Uraibu wenyewe haukuondoka kirahisi, na ningependa ulijue hilo mapema, ili mtu asije kukuahidi kwamba gundi itaisha Nairobi ndani ya mwaka mmoja.

Vipande vya kazi hii tunavyo hapa hapa. Tangu Desemba 2014 Hospitali ya Mathari, ya magonjwa ya akili, inatoa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini, kwa waraibu wa heroini, na kliniki ya Ngara ikafuata baadaye. Mraibu anafika kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, na akikosa inajulikana kwamba amekosa. Nimeona watu waliokuwa wamekatiwa tamaa wakinyooka kwa sababu kila asubuhi kuna mtu anayelijua jina lao. Sasa, gundi haina methadoni yake. Toluini, kemikali iliyomo, inaharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na hakuna dozi ya kuchukua nafasi yake. Kijana wa gundi hana dirisha la dawa la kwendea asubuhi. Kwa hiyo dirisha lazima limfuate alipo, na liwe mtu.

Tunao pia wahamasishaji wa afya ya jamii waliozinduliwa kitaifa Septemba 2023, kila mmoja na kaya zake 100. Mpango mzuri, lakini anayelala kwenye veranda ya duka hana kaya, kwa hiyo hana mhamasishaji. Bima ya afya ya taifa, SHA, nayo inahitaji kitambulisho, na kitambulisho kinahitaji vitambulisho vya wazazi au cheti cha kuzaliwa. Kijana aliyetoroka nyumbani akiwa na miaka tisa ataipata wapi karatasi hiyo? Mtu mzima mwenye nauli na subira anaweza kwenda naye hadi kwa chifu wa kwao akaipata. Sehemu kubwa ya kazi ninayoizungumzia ni safari kama hizo, na ni kazi ya afya kama ilivyo sindano.

Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi. Sikuombi uwafikie wote mara moja. Anza na kaunti ndogo ya Starehe. Ajiri wahudumu kumi, kila mmoja apewe vijana 15 walio katika hali mbaya zaidi. Wachanganye: wauguzi wa afya ya akili, maafisa wa ustawi wa jamii, na vijana waliowahi kulala mitaani wakatoka, kwa sababu wao ndio wanaojua nani amehama baze na kwa nini. Wape simu yenye salio, nauli, na kifungu kidogo cha pesa za supu, viatu na kodi ya chumba cha mabati Mlango Kubwa, ambacho gharama yake kwa mwezi ni shilingi elfu chache. Dawa zihifadhiwe kwenye kituo cha afya badala ya soksi, na anayefaa kupewa dawa ya akili kwa sindano ya kila mwezi apewe.

Wape pia kandarasi za kudumu. Hili nalisisitiza. Nimeona miradi mingi ikija na fulana na kuondoka pesa za mfadhili zinapokwisha. Kijana aliyechukua miezi kadhaa kuamini kukuangalia usoni, ukimwacha ghafla, anarudi nyuma kuliko ulipomkuta, na anayekuja baada yako hukuta mlango umefungwa kwa ufunguo.

Naomba vilevile uongee na mwenzako anayesimamia askari wa kaunti. Msako wa usiku unapopita, mgonjwa aliyeanza kutulia anabebwa kwenye lori na kuachwa asikokujua, na sisi tunaanza upya kumtafuta. Orodha ya vijana walio kwenye matibabu inaweza kuandaliwa kwa namna inayolinda siri zao.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yamezipa kaunti wajibu wa huduma hizi. Na ujuzi wa kuwafuata vijana walipo haujaanza leo jijini: Padre Arnold Grol alianzisha Undugu Society, shirika la kuwasaidia watoto wa mitaani, mwaka 1973 kwa kutembea usiku mitaani na kuongea nao. Kilichokosekana ni serikali kuifanya kazi hiyo kuwa yake.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Tafadhali nijibu kabla makadirio hayajafika kwenye bunge la kaunti, ili tujue kama kuna kifungu kwa ajili ya vijana hawa 150. Na kama utapenda kuwaona mwenyewe, niko tayari kukutembeza. Njoo mapema, kabla ya saa mbili asubuhi, wakati chupa bado hazijatoka na wanaongea vizuri.

Wako mwaminifu,
Mshauri nasaha wa vijana,
Ngara, Nairobi