Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Mifongo nayo ni Kilimanjaro

Mheshimiwa Waziri,

Mwaka 1987 Mlima Kilimanjaro uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia kwa sababu ya maumbile yake tu, yaani uzuri wa mlima uliosimama peke yake hadi kufikia mita 5,895 kilele cha Kibo. Sisi tuliozaliwa miteremkoni hatuna ugomvi na sababu hiyo. Ninachokuandikia ni kile ambacho hakikuandikwa: mifongo, yaani mifereji ya maji ya Wachaga, na mashamba inayoyanywesha.

Chini ya msitu viko vihamba, ambamo migomba, kahawa, magimbi na miti mikubwa ya kivuli huota pamoja katika ardhi ya ukoo, huku ng'ombe wakilishwa zizini na samadi yao ikirudi kwenye mashina ya migomba. Mipaka huwekwa kwa masale, jani lile lile ambalo Mchaga akikuletea kuomba radhi ni vigumu kumkatalia. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu, kwa mfano wa Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Lakini kihamba hunyweshwa na mfongo. Mfereji huo huanzia mtoni, huko juu, ukachongwa ubavuni mwa bonde kwa mteremko mdogo kiasi kwamba mgeni akiutazama kutoka ng'ambo hudhani maji yanapanda mlima, hadi ufike kwenye mgongo wanakoishi watu. Wazungu waliofika karne ya 19 waliikuta mifongo ikifanya kazi. Ukoo wa aliyeuchimba ndio huusimamia, maji hugawanywa kwa zamu, na asiyetokea siku ya kuuzibua hutozwa faini. Hakuna kitabu cha zamu hizo. Zimo vichwani mwa wazee, nao wanapungua. Mtalii anayekwenda lango la Marangu huipita mifongo hii ndani ya gari bila kuambiwa ni nini.

Naomba, kwanza, Wizara yako iandae daftari la mifongo yote, likitaja jina la kila mmoja, ukoo wake na mto unakoanzia. Pili, kwa kuwa msitu uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, naomba uwepo utaratibu wa maandishi utakaowawezesha wasimamizi wa mifongo inayoanzia ndani ya mipaka hiyo kupanda kuisafisha bila kusumbuana na askari, ambao nao wana kazi yao halali ya kuulinda msitu.

Wataalamu watakaotumwa waje Januari au Februari, kabla ya masika, maji yanapogombewa, kwani wakati huo ndipo watakapowaona wazee wakigawa zamu.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Old Moshi