Kizazi kisikatwe kabla ya jibu la nyama

Ndugu Mhariri,

Huku Pemba mwanamke aliyekatika hedhi akiona damu tena, shauri analopewa na jamaa ni moja: "Katolewe kizazi, upumzike." Damu hiyo yaweza kuwa dalili ya saratani ya kizazi, ndiyo nikasema shauri hilo linakuja kabla ya wakati wake, na linatuulia mama zetu.

Mama yangu mkubwa alitolewa kizazi, akashonwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani na kipakiti cha dawa za maumivu. Nyama iliyotolewa ilikwenda wapi, hatukuambiwa. Baada ya miezi tumbo likaanza kujaa maji, hata kanga ikawa haimzunguki.

Saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi haiko ya aina moja. Iliyo nyingi huenda polepole, na ikiwahiwa, kutoa kizazi mara nyingi humponya mtu. Ipo nyengine kali, madaktari huiita serasi. Inawapata takriban asilimia 10 tu ya wagonjwa, lakini inabeba karibu asilimia 40 ya vifo. Kizazini yaweza kuwa kidonda kidogo, kumbe imeshafika kwenye mifuko ya mayai na kwenye utando wa tumbo.

Ndiyo maana upasuaji wake ni mkubwa. Hutolewa kizazi kizima na mlango wake, mirija na mifuko ya mayai ya pande zote mbili. Daktari hukagua tumbo lote, akachukua tezi za nyonga na ule utando wa mafuta unaofunika matumbo. Kisha mara nyingi hufuata dawa za dripu, kaboplatini na paklitakseli. Daktari aliyeingia kutoa kizazi tu atayaacha hayo ndani, na kumpasua mtu mzima mara ya pili ni mateso.

Kujua mapema kunawezekana: kinyama kidogo cha ukuta wa kizazi huchukuliwa kupitia ukeni, kikasomwa maabara. Kile kipimo cha mlango wa kizazi tunachohimizwa kila siku hakitoshi, kinatafuta ugonjwa mwengine.

Naiomba Wizara ya Afya iagize hospitali zote, Unguja na Pemba, zisimpangie mama aliyekatika hedhi na anayetoka damu siku ya upasuaji wa kizazi mpaka jibu la nyama limo kwenye faili lake. Likiwa ni la aina kali, apewe rufaa kwa bingwa wa saratani za wanawake, na nauli ya boti kutoka Mkoani isiachiwe familia peke yake.

Msomaji wako,
Wete, Pemba