YAH: MALALAMIKO YA KUUZIWA FILTA ISIYOMFAA SAMAKI AINA YA BETTA

Kirumba,
Mwanza.
12 Agosti 2024

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 20 Julai nilifika dukani kwenu hapa mjini nikanunua filta ya kuzamisha majini, kifaa cha kusafisha maji ya tangi la samaki, kwa Sh 48,000. Risiti ninayo. Nimewapigia simu mara mbili bila mafanikio, ndiyo maana leo naandika.

Kabla sijatoa pesa nilimweleza mhudumu wenu kila kitu: tangi ni la lita 20, na ndani yupo samaki mmoja tu, betta dume mwenye mapezi marefu, ambaye nimemnunulia binti yangu wa darasa la nne. Nikamwomba anichagulie filta. Alichouliza ni lita tu. Akanikabidhi sanduku lililoandikwa mbele "kwa matangi madogo", nami nikaamini. Ubavuni mwa sanduku hilo, kwa maandishi ambayo niliyasoma siku mbili baadaye kwa tochi ya simu, imeandikwa kwamba inasukuma lita 400 kwa saa.

Naomba mpige hesabu pamoja nami. Lita 400 kwenye tangi la lita 20 maana yake maji yote yanazungushwa mara 20 kila saa. Wanaofuga samaki wa mapambo kwa kawaida hulenga mara nne au tano, na kwa betta hata hizo wanataka maji yatoke polepole. Filta yenu haina hata kitufe cha kupunguza kasi. Nimeitafuta kila upande.

Kesho yake jioni tulipoiwasha, samaki alisukumwa hadi kwenye kioo cha pili. Akajaribu kurudi, akasukumwa tena. Betta hupanda juu kuvuta hewa kwa mdomo, ndivyo alivyoumbwa, ana kiungo maalumu kichwani cha kupumulia hewa ya juu. Lakini kila alipokaribia uso wa maji, mkondo ulimzamisha. Mwisho alijibanza nyuma ya jani la mmea, mkia umemlalia upande mmoja kama kanga iliyoloa. Asubuhi tulikuta mkia umenaswa kwenye matundu ya kuvutia maji. Nilizima umeme ukaachia wenyewe, ila ukingo ulikuwa umechanika vipande vitatu, na kimoja kilibaki kwenye matundu, chekundu, chembamba kama ganda la kitunguu. Binti yangu alikiona kabla sijakiondoa. Hakwenda shule siku hiyo.

Nilipopiga simu, nilijibiwa hivi: "Dada, sato na sangara wanakaa ziwani kwenye mawimbi, huyo wako atashindwaje na kifilta?" Jibu hilo liliniuma kuliko hata zile pesa. Nimekulia Kirumba, baba yangu ameuza dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni miaka mingi, mawimbi ya ziwa hili nayafahamu. Betta hatoki humu. Asili yake ni Thailand na nchi jirani, kwenye majaruba ya mpunga, vinamasi na mifereji yenye maji yaliyotulia. Mtu akitaka mfano wa karibu, aende Misungwi au Magu mpunga ukiwa shambani, atazame maji ya kwenye jaruba. Hayo ndiyo anayoyajua betta. Tena haya mapezi marefu yametokana na watu kuchagua mbegu kwa ajili ya urembo, kwa hiyo samaki mwenyewe anaogelea huku amebeba mzigo. Kampuni inayouza vifaa vya samaki haiwezi kusema haijui hili.

Kuna na karatasi ya maelezo. Inasema sponji ya ndani ioshwe kwa maji ya bomba kila wiki na itupwe kila mwezi. Hilo ni kosa. Kwenye sponji ndiko wanakoishi bakteria wanaobadili amonia, itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula, kuwa naitraiti, kisha naitreti ambayo haina sumu kali. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kukamilika. Maji ya bomba yametiwa klorini, yanawaua. Sponji inasuuzwa kwenye maji yaleyale yaliyotolewa tangini, basi. Anayefuata karatasi yenu atakuwa anaanza upya kila wiki, na samaki wake wanaweza kufa bila yeye kujua sababu.

Nilirudi dukani na filta tarehe 24 Julai. Nikaambiwa kifaa kikishaingia kwenye maji hakirudishwi. Sasa filta ya samaki mtu ataijaribia wapi kama si kwenye maji? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kutegemea utaalamu wake. Mimi nilieleza, mbele ya mteja mwingine.

Naomba mnirudishie Sh 48,000, au mnibadilishie kwa filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa, pamoja na vali ya kuzuia maji kurudi kwenye pampu umeme unapokatika. Bei ikipungua, chenji yangu nipewe. Naomba pia yale maneno "kwa matangi madogo" yaondolewe kwenye sanduku hilo, karatasi ya maelezo irekebishwe, na wahudumu wafundishwe kuuliza "samaki gani?" kabla ya "lita ngapi?". Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani.

Samaki yu hai. Kwa sasa nambadilishia sehemu ya maji kwa mkono, maji niliyoyatia dawa ya kuondoa klorini, na mkia umeanza kuota utando mwembamba usio na rangi pembezoni, dalili ya kupona. Filta nimeikausha, nimeirudisha kwenye sanduku lake pamoja na nakala ya risiti. Nambari yangu ya simu iko kwenye daftari lenu la mauzo ya tarehe 20 Julai.

Wako,
Mteja, Kirumba.