Jedwali la fedha za mazingira lisomwe pamoja na bajeti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kila Juni hotuba ya bajeti ikisomwa Dodoma, huku Dar es Salaam tunategea masikio bei ya mafuta, kodi ya bia na soda, mishahara, basi. Bajeti ya Serikali imepanda kutoka shilingi trilioni 44.39 mwaka wa fedha 2023/24 hadi trilioni 49.35 mwaka uliofuata, kisha trilioni 56.49 mwaka 2025/26. Hayo tunayajua kwa kuwa yanasomwa na kurudiwa redioni hadi watoto wanayakariri. Katika nyongeza hiyo ya zaidi ya trilioni 12 ndani ya miaka miwili, hifadhi ya mazingira imepata nini? Fungu lake limekua, limesimama au limepungua? Mwananchi akiuliza hivyo, anatumwa kuzunguka.

Anazunguka kwa sababu fedha hizo hazikai mahali pamoja. Sera iko Ofisi ya Makamu wa Rais, Fungu 31 (ndiyo namba yake kwenye vitabu vya bajeti), ambako pia ndiko linakosimamiwa NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira. Misitu iko Maliasili na Utalii. Majitaka yako Wizara ya Maji na mamlaka zake. Mitaro ya mitaani kwetu ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, chini ya TAMISEMI, takataka ni mzigo wa halmashauri, na nishati safi ya kupikia iko Wizara ya Nishati. Anayetaka kulaumu atashika Fungu 31 peke yake aseme mazingira yametelekezwa. Anayetaka kusifia atajumlisha kila mti uliopandwa na kila bomba lililofukiwa aseme fedha ni tele. Kila mmoja ana pa kushika, na mlipakodi hana.

Njia ya kuyapanga haya ipo, tena ya siku nyingi. Umoja wa Mataifa una mfumo wa kuainisha matumizi ya serikali kufuatana na kazi inayofanyika bila kujali wizara, na tangu marekebisho ya mwaka 1999 hifadhi ya mazingira ni moja ya kazi kumi za mfumo huo. Humo mnaingia taka, majitaka, kupunguza uchafuzi, kulinda viumbe na makazi yao, na utafiti. Kwa hesabu ya namna hiyo, nchi za Umoja wa Ulaya zinajulikana kuwa kwa miaka mingi zimetumia takriban asilimia 0.8 ya pato lao, na kipande kikubwa zaidi kinakwenda kwenye taka. Sidai tuwafikie kwa fedha. Nadai tuwe na mstari wa takwimu kama wao, wa miaka kumi mfululizo, ambao mbunge wa Segerea na mwanafunzi wa Chuo Kikuu wanaweza kuusoma wakaelewana.

Mstari huo ukichorwa, nina wasiwasi na kitakachoonekana: milima na mabonde yanayofuata miradi ya wafadhili. Chukua bonde la Msimbazi. Mradi wake ni wa takriban dola milioni 260, kati ya hizo milioni 200 ni mkopo wa Benki ya Dunia, zilizobaki zinatoka Uholanzi na Hispania. Mto Ng'ombe ulijengewa kingo za zege kupitia DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, mkopo pia. Ukuta wa bahari pale Barabara ya Barack Obama ulitokana na mifuko ya kimataifa ya tabianchi. Naishukuru kazi hiyo kwa moyo wote, maana ninaishi bondeni na naiona faida yake. Ila mwaka mkopo unapoanza kutumika, mstari utapanda na viongozi watapongezana. Mradi ukifungwa utashuka, na mto utaendelea kuleta mchanga kama kawaida yake. Ndiyo maana jedwali ninalolitaka litenganishe fedha za ndani na za nje, maendeleo na matumizi ya kawaida. Matengenezo yanaishi kwenye matumizi ya kawaida, na huko ndiko wanakokata kwanza.

Njoo Kigogo asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Vijana wameshashuka mtoni na makoleo, wanachota mchanga uliosombwa kutoka milima ya Pugu, lori linasubiri juu ukingoni. Mdomo wa kalavati umeziba: chupa za maji, ndala, kipande cha godoro, na vile vifungashio laini vilivyochukua nafasi ya mifuko ya rambo, vyote vimeshikana na tope hadi nusu ya tundu. Maji yanatafuta njia kupitia uani kwa watu. Mjumbe anapita nyumba kwa nyumba kukusanya mchango, mwenye mia tano, mwenye buku, ili vijana walipwe wazibue. Mchango huo ni matumizi ya mazingira kama yalivyo mengine, na hauandikwi popote. Hapo kila kaya ina ada yake ya taka pembeni, gari lije lisije.

Suala la rambo lenyewe lina funzo la kifedha. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku na kwa miezi kadhaa jiji lilibadilika machoni petu. Kutangaza marufuku hakuli fedha nyingi. Kinachokula fedha ni mkaguzi wa kupita Buguruni, Tandika na Tandale wiki baada ya wiki, mwenye usafiri na posho, na anayefika hadi kiwandani. Mkaguzi huyo asipokuwa na fedha za kazi, mzigo unarudi sokoni taratibu, na umerudi.

Tunajua kutenga fedha tunapoamua. Kila lita ya petroli na dizeli ina shilingi 50 za Mfuko wa Taifa wa Maji. Barabara zina mfuko na tozo yake, umeme vijijini nao vilevile. Mazingira nayo yana mfuko, umo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, lakini sheria iliuachia utegemee kiasi ambacho Bunge litaidhinisha, misaada na michango. Zaidi ya miaka 20 imepita. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele kinachopaswa kuguswa kwanza, kabla ya kuandika mkakati mwingine.

Wapo wanaosema nchi maskini ina vipaumbele vya haraka zaidi. Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge kuwa mvua na mafuriko vilikuwa vimeua watu 155 nchini. Desemba 2011 yalipita mafuriko ambayo yaliwaondoa watu bondeni wakapelekwa Mabwepande. Kila masika Jangwani inafungwa, mwendokasi unasimama, watu wanatembea kwa miguu kutoka Magomeni hadi Kariakoo. Uokoaji, mahema, kukarabati barabara, siku za kazi zilizopotea, hizo zote ni fedha tunazolipa kwa kutolipa mapema, nazo ziandikwe kwenye safu ya jirani ili tulinganishe.

Kwa hiyo ombi langu kwa Wizara ya Fedha na kwa Kamati ya Bunge ya Bajeti ni hili. Hotuba ijayo iambatane na jedwali moja la Kiswahili: miaka kumi, kila taasisi niliyoitaja, kiasi kilichoidhinishwa, kiasi Hazina ilichotoa, na kiasi kilichotumika. Safu hizo tatu zisiunganishwe, maana kuidhinishwa na kutolewa ni mambo mawili, kama taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zinavyotukumbusha kila mwaka. Na wabunge wa Dar es Salaam waulize mapema, kabla daraja jipya la Jangwani halijazoeleka: mradi wa Msimbazi ukishafungwa, mchanga utaondolewa kwa fedha za fungu gani, na je, fungu hilo limeshaanza kutengewa chochote?

Mkazi wa Kigogo,
Dar es Salaam