Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Makofi Yakishaisha, Nani Ananunua Kitabu?

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Shikamoo Mheshimiwa.

Nakuandikia kutoka Sinza, kwenye ofisi ya vyumba viwili tunakochapisha vitabu vya Kiswahili. Niseme mapema kwamba sisi ni wachapishaji, si wapiga chapa, maana haipiti wiki bila mtu kuingia hapa kuulizia bei ya kadi za harusi.

Mwaka jana riwaya yetu moja ilishinda tuzo. Siitaji jina, nisije nikaonekana natangaza biashara. Mwandishi wake, mama mtu mzima aliyeshonesha nguo mpya kwa ajili ya usiku ule, alipanda jukwaani akapokea cheti na ile hundi kubwa ya kupigia picha ambayo haipiti mlango wa daladala. Simu ziliita wiki nzima, nyingi zikiomba nakala ya bure. Wiki ya pili kimya. Tulikuwa tumepiga chapa nakala 1,000. Maboksi bado yameziba dirisha langu, na mchana huu nakuandikia taa ikiwa inawaka.

Aliyenifumbua macho ni mwalimu wa maktaba kutoka Temeke. Alisimama palepale mlangoni akasoma kurasa kama kumi, anacheka peke yake. Akauliza bei ya nakala arobaini. Halafu akauliza, "Kina ithibati?" Yaani kibali cha Serikali cha kutumika shuleni. Nikamwambia kina tuzo. Akakirudisha mezani polepole, kama anayemrudisha mtoto wa wenyewe. "Mkaguzi haulizi tuzo, dada." Akanunua kimoja, kwa hela yake ya mfukoni.

Sisemi Serikali imelala. Tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa 2023, Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu, ambaye katikati ya kazi za urais alipata muda wa kumtafsiri Shakespeare. Kuna tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, akapata Nobel. Tukashangilia nchi nzima, na wengi wetu tulikuwa hatujasoma hata ukurasa wake mmoja. Riwaya yake ya 1994, Paradise, ilingoja hadi 2022 ndipo Mkuki na Nyota, mchapishaji binafsi wa hapahapa Dar, alipotuletea Peponi kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28, Mheshimiwa! Mtoto aliyezaliwa mwaka ilipotoka kwa Kiingereza alikuwa tayari anaweza kuwa na mtoto wake wa kumsomea.

Tuzo, basi, zipo. Anayekosekana ni mnunuzi wa kwanza. Gharama kubwa ya kitabu iko mwanzoni: kuhariri, kupanga kurasa, kuandaa mashine. Ukipiga nakala 1,000, kila moja inabeba mzigo mzito. Ukipiga 5,000, bei inashuka mpaka mzazi wa Mbagala anaweza kuifikiria. Lakini nani atapiga 5,000 bila kujua zitakwenda wapi?

Na mnunuzi huyo tuliwahi kuwa naye. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, ulikuwa ukimhakikishia mchapishaji kununuliwa nakala 3,000 kati ya 5,000. Hizo zilikwenda shuleni, 2,000 zikabaki kwake auze mwenyewe. Norway walianza mpango kama huo mwaka 1965: serikali yao ilinunua nakala 1,000 za kila kitabu kipya cha fasihi kilichoingia kwenye mpango, kwa ajili ya maktaba za umma, na wale hata leo hawafiki watu milioni sita. Nikiwafikiria wasemaji wetu wa Kiswahili huwa naona aibu kidogo.

Ombi langu ni hili. Kitabu cha Kiswahili kikishashinda tuzo inayotambulika, Wizara inunue nakala za kutosha maktaba za mikoa yote na baadhi ya shule za sekondari kwa kuanzia. Na ithibati ya kitabu cha ziada, yaani cha kusomwa shuleni mbali na vya kiada, ifuate tuzo yenyewe, badala ya mchapishaji kuanza kupanga foleni upya na kitabu ambacho majaji wameshakisoma. Utaambiwa vingine vina mambo ya watu wazima. Ni kweli, vipo. Hivyo viende vyuoni, na pale Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi, aliyoifungua Mwalimu mwenyewe Desemba 1967.

Nimekufungia nakala tano za riwaya yetu. Kesho alfajiri zinapanda basi stendi ya Magufuli, Mbezi, na risiti ya kifurushi nitaituma ofisini kwako. Moja ina alama ya kikombe cha chai kwenye jalada. Hiyo tafadhali usimpe mgeni.

Wako mtiifu,
Mhariri, Sinza, Dar es Salaam.