84 kwa 0

Stillwater, Oklahoma
10 Septemba 2012

Ndugu yangu Shabani,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, ni joto tu linalotusumbua. Najua ulinikataza kukutajia mpira mpaka zile tano mlizopigwa na Simba mwezi Mei zikutoke moyoni, lakini hili lazima nikusimulie. Huenda hata likakupoza.

Tarehe 1 chuo chetu, Oklahoma State, kilifungua msimu wa mpira wa Kimarekani kwa kucheza na Savannah State, chuo kidogo cha Wamarekani weusi kule Georgia. Matokeo 84 kwa 0. Bao la mchezo huu ni pointi 6, na teke la nyongeza linaifanya 7, kwa hiyo piga hesabu: ni kama mabao kumi na mawili bila majibu.

Hapa kuna desturi kwamba timu ikifunga, farasi mweusi aitwaye Bullet anatoka mbio kukatiza uwanja, mpandaji kashika bendera. Siku hiyo mnyama wa watu hakupata nafasi ya kuhema. Nikajikuta namhurumia yeye.

Usidhani Savannah walilegea. Wale vijana walijipanga upya kila mara, wakainama, wakagongana na watu waliowazidi miraba. Lakini utafanyaje? Wenyeji ni mabingwa wa Big 12, ligi ya vyuo vikubwa, Januari waliifunga chuo cha Stanford, na tajiri Boone Pickens, ambaye uwanja una jina lake, aliwahi kuwamwagia dola milioni 165 kwa mkupuo. Savannah msimu uliopita walishinda mechi moja tu kati ya 11. Kocha Gundy akaingiza wachezaji wa akiba, mabao yakaendelea kuingia vilevile. Jirani zangu jukwaani waliondoka mapema kutafuta chakula.

Utauliza, sasa walifuata nini? Walifuata hela, kaka. Chuo kikubwa kinamlipa mdogo aje kufungwa nyumbani kwake. Safari hii ilikuwa dola 385,000, na Jumamosi iliyofuata 475,000 nyingine kutoka chuo cha Florida State. Jumla 860,000 kwa vipigo viwili, na kwa idara ya michezo yenye mfuko mwembamba hizo si hela za kuzigeuzia mgongo. Mkuu wa idara simlaumu sana. Kinachonikera ni kwamba michubuko inabaki kwa vijana, ambao sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, haziwaruhusu kulipwa mshahara hata senti. Wakibahatika, wanasomeshwa bure, basi.

Kule Florida nako juzi ilikuwa 55 kwa 0. Waamuzi waliiacha saa itembee bila kusimama ili mateso yaishe haraka, halafu radi ikaingilia na mechi ikakatishwa robo ya tatu. Hela wamechukua.

Na hawa wababe wetu, ambao wiki nzima walitembea mjini vifua mbele na fulana zao za rangi ya chungwa? Jumamosi hiyohiyo walikwenda Arizona, wakapigwa 59 kwa 38. Leo darasani hakuna aliyetaja mpira.

Nisalimie mama na watoto. Ukipata nafasi niandikie, na unieleze Yanga mmesajili nani.

Wako,
Hamisi